Pakiti ya fishi 100 kwa insha moja

Kwa miezi miwili nimeandika maelezo yote ya insha yangu kuhusu gesi ya Ziwa Kivu kwenye kadi ngumu za bristoli, zile ambazo sisi wanafunzi wa Bukavu tunaziita fishi, badala ya daftari nililolizoea tangu sekondari. Pakiti niliyoinunua katika papeteri (duka la vifaa vya kuandikia) moja ya mtaa wa Nyawera ilikuwa na kadi 100 za miraba, zenye sentimita 12.5 kwa 20.

Karatasi yenyewe nimeiridhia. Mtu anaweza kuandikia juu ya goti, kama nilivyolazimika mara nyingi maktabani meza zilipojaa, na wino wa biki haupenyi upande wa pili. Ukataji wake, hata hivyo, ulikuwa mbovu: kadi kama kumi na tano zilipungua milimita mbili hivi, na nilipozisimamisha ndani ya boksi la viatu na kuzipekua kwa kidole, hizo fupi zilirukwa, hata nikatafuta kadi moja nusu saa nzima ilhali ilikuwa mbele yangu.

Faida niliiona siku nilipozitandaza mezani. Nilikuwa nimejiwekea kanuni ya hoja moja kwa kila kadi, jina la mwandishi na ukurasa vikitangulia juu kabla ya neno lolote. Kadi moja ilisema kina kikubwa cha ziwa ni mita 480, nyingine 485. Daftarini zingetenganishwa na kurasa arobaini nami nisingegundua, lakini hapa zililala ubavu kwa ubavu na kunirudisha vitabuni. Sehemu ya methani, gesi ya ziwa hilo inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, niliihamishia mwanzo wa insha kwa kuvuta kadi sita tu. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyekusanya kadi zipatazo 90,000, aliziunganisha kwa namba. Mimi nilijaribu namba hizo kwa kadi zangu themanini nikapoteza jioni mbili, kisha penseli za rangi tatu zikatosha.

Anayeandika kurasa tano kutoka vitabu viwili asijisumbue, kwa kuwa pakiti hii ni bei ya daftari tatu nene. Kwa kazi ya kumaliza masomo nitanunua tena, ila za nusu ya ukubwa huu, maana nafasi kubwa ilinishawishi kunakili aya nzima nzima. Na kabla ya kulipa nitaomba kuigonga pakiti wima juu ya meza ya muuzaji, nione kama kadi zote zinafika juu.