Uzoefu wangu na Tascam Portastudio 424: albamu ya mwisho ya bendi ya panki kwenye kaseti, Arusha

Nimeitumia mashine hii ya kurekodi kwa kaseti Arusha, upande wa Sakina, kwenye chumba cha bati, kurekodi albamu ya mwisho ya bendi ya panki ya watu watatu: gitaa, besi na dramu. Bendi ilikuwa imeshakubaliana kuvunjika na haikutaka kazi inayofanana na zile za nyuma. Ilitaka magitaa yanayorudi kinyumenyume, sauti zilizovutwa mpaka zikawa nzito, na vipande vinavyojirudia bila kukoma. Kompyuta inafanya yote hayo, tena kwa wepesi. Tatizo ni kwamba kompyuta ina kitufe cha kufuta ulichofanya na kuanza upya, na bendi inayovunjika ukiipa kitufe hicho haimalizi albamu. Kaseti ya treki nne, yaani njia nne tu za kurekodia sauti kando kwa kando, inamlazimisha kila mtu kuamua leo. Kwa hilo naipa alama za juu. Anayetaka dramu safi zenye maiki nane, mashine hii haimfai hata kidogo, asiinunue.

Kidogo kuhusu chombo chenyewe. Tascam walitoa Portastudio ya kwanza, ile 144, mwaka 1979, na Bruce Springsteen alirekodia hiyo 144 nyimbo za Nebraska iliyotoka 1982. Hii 424 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990: miksa na deki ya kaseti kwenye bodi moja, na inaweza kurekodi treki zote nne kwa pamoja. Haina upande A na B, kwa sababu treki nne zinajaza upana wote wa utepe na kwenda upande mmoja. Spidi ni tatu: sentimita 9.5, 4.8 na 2.4 kwa sekunde. Kaseti ya dakika 60 inakupa dakika 15 tu kwenye spidi ya juu, 30 kwenye ya kati, 60 kwenye ya chini. Ukiipeleka kaseti ya spidi ya juu kwenye redio ya nyumbani utasikia treki 1 na 2 zikivuta kwa nusu ya mwendo, na ukigeuza upande, 3 na 4 zikienda kinyume. Kwa hiyo usimpe mtu kaseti mama aende kuisikiliza kwake.

Kaseti zenyewe ndiyo kazi. Mashine imepangwa kwa utepe wa aina ya pili, ule wa kromu, na haina swichi ya kuchagua. Kaseti nyingi za kwaya na za hotuba zinazopatikana kwenye mitumba, Kilombero hapa Arusha au Memorial kule Moshi, ni aina ya kwanza. Ukizitumia zitarekodi, lakini sauti itatoka na uchakavu usioupanga na itapasuka mapema zaidi. Ya kromu utaitambua kwa matundu mawili ya ziada kwenye mgongo wa kaseti, pembeni ya vile vibao vya kuzuia kufuta. Chukua ya dakika 60, ya 90 ukikosa, ya 120 iache hapohapo hata ukipewa bure: utepe wake ni mwembamba, unavutika na kuzonga. Kaseti zilizouzwa zikiwa na muziki tayari vibao vyake vimevunjwa. Ziba pengo kwa kipande cha selotepu, ila usizibe matundu ya kromu.

Gitaa ndilo linalofurahisha kwenye 424. Ukiliingiza moja kwa moja kwenye miksa bila ampu (kikuza sauti), ukafungua trimu (kirungu cha nguvu ya sauti inayoingia) mpaka mwisho na kushusha feda (kitelezi cha sauti ya chaneli), miksa inapasuka kwa namna kali, kavu, isiyo na mwangwi wowote. Ukitaka zaidi, toa sauti ya chaneli ya kwanza uiingize ya pili na kuifungulia nayo. Kwa ampu, maiki ya kawaida isiyohitaji umeme inatosha, sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo. Maiki za kondensa mashine haiziwashi, lazima uwe na kiboksi chake cha umeme. Na matundu ni ya jeki ya milimita 6.3, kwa hiyo andaa waya wa kubadilishia mapema.

Dramu tulizipa maiki mbili, moja juu na moja kwenye besi dramu, zikachanganywa kuwa treki moja. Hapo hakuna kurekebisha baadaye. Besi dramu ikizidi imezidi. Njia ya kupima ni kurekodi sekunde ishirini, kusikiliza kwenye spika ndogo ya redio, kusogeza maiki, kurudia. Kusogeza maiki kunasaidia kuliko kugusa vitufe vya besi na trebo.

Sasa dbx, sehemu inayowachanganya wengi. Ni mfumo wa kupunguza zile kelele za “shhh” za utepe: wakati wa kurekodi unabana tofauti ya sauti kubwa na ndogo kwa nusu, wakati wa kupiga unaifungua tena. Ukiwa umeiwasha, usiipeleke mita ya sauti kwenye nyekundu, maana kila kosa la utepe linafunguliwa mara mbili pamoja na muziki. Ala yenye besi tupu ikipiga peke yake utasikia kelele ikipanda na kushuka nyuma yake. Kwa panki mimi naizima: utepe unabana magitaa wenyewe, na mita ikigusa +6 sauti inanona. Uamue kabla ya noti ya kwanza, kwa kaseti nzima. Treki zilizorekodiwa na dbx na zisizo nayo hazikai vizuri kwenye kaseti moja. Na kama unapanga kucheza na spidi, zima bila kujiuliza, kwa sababu dbx hupima kwa kuangalia sauti nyembamba na nzito, na ukibadili spidi hesabu yake inapotea.

Kuhusu kinyumenyume: unatoa kaseti, unaigeuza, unapiga. Wimbo unarudi nyuma, lakini treki nazo zimegeuka: 1 inatokea kwenye 4, 2 kwenye 3, 3 kwenye 2 na 4 kwenye 1. Ukitaka solo ya gitaa iishie treki ya 3 wimbo ukisimama sawa, washa kurekodi kwenye treki ya 2 kaseti ikiwa imegeuzwa. Hapo ndipo watu hufuta dramu zao. Bandika karatasi mbele ya mashine yenye jozi hizo nne na usitegemee kichwa saa tano usiku. Kihesabio nacho hakifai tena, kirudishe sifuri pale mwisho wa kipande unachokitaka. Mpiga gitaa aanze na noti ya kumalizia na kuishia na ya kuanzia, na noti aziache zife zenyewe, kwa sababu ule mkia ndio utakaokuja kuvimba wimbo ukirudishwa sawa.

Spidi ndiyo ilituletea sauti nzuri kuliko zote. Kengele ya ng'ombe, hizi za chuma za wafugaji, irekodi kwenye 9.5 kisha ipige kwenye 4.8: inashuka oktavu nzima, mlio unachukua muda mara mbili, na inatoka kama kengele ya kanisa kubwa. Ishushe mpaka 2.4 na unasikia chuma kikitetemeka, karibu hakuna noti. Kumbuka tu kwamba treki zote nne zinafuata spidi moja. Kwa hiyo ama unaanza na kengele, unabadili spidi, halafu unajenga wimbo juu yake. Ama unaurudisha wimbo uliokwisha kurekodiwa kwenye 4.8, unaimba taratibu na kwa sauti nzito, na ukirudi 9.5 sauti inapanda oktavu. Kirungu cha pichi kinaongeza au kupunguza asilimia 12, ambayo ni kama noti moja nzima. Kiweke katikati kabla ya kuanza wimbo wowote, la sivyo gitaa la kesho halitalingana na la leo.

Kitanzi cha utepe kinahitaji kaseti yenye skrubu tano, siyo iliyogandishwa. Fungua, toa utepe wote, kata kipande cha sentimita 24 hivi kwa wembe mpya, ncha zote mbili zikiwa nyuzi 45. Unga kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa ndani usiogusa hedi (kichwa kinachorekodi na kusoma utepe). Selotepu ya dukani gundi yake inahama na kupaka hedi, kisha treki moja inaanza kufifia na unalaumu waya. Kizungushe kwenye vigurudumu viwili bila kukaza sana: kikikaza mwendo unayumba, kikilegea kinaingia kwenye kigurudumu cha mpira na kutafunwa. Sentimita 24 ni sekunde 5 kwenye 4.8 na sekunde 2.5 kwenye 9.5. Mapigo manne ndani ya sekunde 2.5 ni mwendo wa 96 kwa dakika, na manane ni 192, kwa hiyo bendi ipige karibu na hapo, tofauti ndogo unaimaliza kwa pichi. Sisi tulijaza noti nne, moja kila treki, kisha feda nne zikawa ndizo ala, zinapandishwa na kushushwa kwa vidole. Matokeo yanakwenda kwenye rekoda nyingine, halafu yanarudishwa kwenye kaseti ya wimbo. Kwangu, wimbo uliotengenezwa hivyo ndio bora kwenye albamu nzima, ingawa mpiga dramu hakubaliani.

Treki zikijaa unahamisha: tatu zinachanganywa kwenda ya nne, na wakati huohuo mtu anaweza kupiga sehemu nyingine mubashara ikaingia humohumo. Tahadhari ni jirani. Treki ya 3 inagusana na ya 4 ndani ya hedi, na sauti nyembamba ikivuja kati yao mashine inapiga mluzi. Weka besi kwenye ya 3 na punguza trebo yake, mluzi unakwisha. Kila uhamisho unakula trebo na kuongeza kelele, kwa hiyo sahani za dramu, manyanga na sauti ya kuimba ziwe za mwisho. Baada ya kuhamisha mara mbili utakuwa na uji. Mvua ya Aprili juu ya bati haizuiliki. Iwekee maiki na uipe treki.

Vumbi la kiangazi ndilo adui. Safisha hedi na kile kipini cha chuma kinachovuta utepe kila kabla ya kazi, kwa pamba ya kijiti na isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi simu wanayo. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi na huacha ukungu. Kigurudumu cha mpira kipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti inaukausha mpira na kuupasua. Kifaa cha kuondoa sumaku kwenye hedi kitumike mashine ikiwa imezimwa, kaseti zikiwa mbali: kiwashe kikiwa nusu mita kutoka kwenye hedi, kisogeze taratibu, kirudishe umbali uleule ndipo ukizime.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, utepe unabaki umebanwa kati ya kigurudumu na kipini. Usiuvute wala usifungue kwa nguvu, subiri urudi na ubonyeze kitufe cha kusimamisha. Inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi laini zinaleta mvumo unaoingia kwenye gitaa. Angalia pia adapta: mashine nyingi sokoni zinatoka Marekani na adapta zake ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu inaungua kabla hujasikia chochote.

Kuingiza kwenye kompyuta, tumia matundu manne ya RCA ya nyuma, yale ya kila treki, na kiunganishi cha sauti chenye milango minne, biti 24 na kilohezi 48. Treki zote nne ziingie kwa mkupuo mmoja. Ukizipeleka mbilimbili, mwendo wa mashine hautafanana mara zote mbili, na baada ya dakika moja dramu na gitaa zitakuwa zimeachana. Kama ulitumia dbx, iache imewashwa wakati wa kuhamisha, kwa sababu kompyuta haitakufungulia. Vunja vibao vya kaseti, vyote viwili, kabla ya kufanya lolote lingine.

Ukinunua iliyotumika, muuzaji akikwambia “inawaka” hajakwambia kitu. Mwombe video ya mita zote nne zikicheza wakati wa kurekodi na wakati wa kupiga, spidi zote tatu, na kupeleka mbele na kurudisha mpaka mwisho wa kaseti. Sauti ikiyumba, mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani umelegea au umegeuka lami. Fundi redio wa zamani anaubadili bila shida, ila mpe kipimo: zungusha uzi kwenye puli, pima urefu, punguza kama asilimia 5 hadi 10. Mkanda wa redio ya gari unaokaribiana kwa urefu lakini mnene kupita kiasi utazungusha, ila mwendo hautatulia. Treki moja ikiwa kimya hata baada ya kusafisha hedi, omba bei ishuke au achana nayo, kwa sababu hedi ya treki nne hutaikuta kwenye boksi la fundi yeyote hapa mjini.