Mguu bandia wa polipropilini Uganda: plastiki ni nzuri, lakini soma leseni kwanza

Bidhaa tunayoipima ni mguu bandia wa chini ya goti wa polipropilini, teknolojia iliyoenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na ambayo ni ya kawaida katika karakana za hospitali Afrika Mashariki. Kwa mkulima, mchuuzi wa sokoni au mtu wa boda boda, ni chaguo la maana. Maji hayauozeshi, matope hutoka kwa sabuni na kitambaa, na ukivunjika huweza kuchomelewa. Udhaifu wake ni unyayo: hauna kiungo cha kifundo, kwa hiyo miteremko ya Kabale au Kapchorwa utaisikia gotini.

Sifa tunazoupa mguu huu hazina maana kama aliyeutengeneza hana ruhusa ya kuutengeneza. Uganda, kazi hii iko chini ya Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, lile watu wanaloliita AHPC, lililoundwa kwa sheria ya 1996. Usichanganye karatasi zake. Cheti cha chuo kinaonyesha kwamba mtu alisoma. Usajili unaonyesha kwamba baraza linamtambua. Leseni ya kufanya kazi ndiyo inayomruhusu kukugusa leo, nayo huhuishwa kila mwaka. Karakana ya binafsi inahitaji pia leseni ya kituo chenyewe, tofauti na ya mtu.

Ukiishika leseni, soma vitu vitatu: mwaka, jina, na fani. Fani ndiyo inayowaponyoka wengi. Afisa wa mifupa anayefunga plasta za waliovunjika ana leseni halali kabisa, lakini kufunga plasta ya mfupa na kuunda soketi, yaani kikombe cha plastiki kinachopokea mguu uliobaki, ni kazi mbili. Unayemtaka ni mteknolojia wa mifupa, yule anayetengeneza viungo bandia. Akikuambia alisoma TATCOT, chuo cha wateknolojia wa mifupa kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, hiyo ni sifa nzuri. Chuo hicho kinafundisha fani hii tangu 1981. Hata hivyo cheti cha Moshi hakichukui nafasi ya leseni ya Kampala.

Hapa Uganda tuna nafuu ambayo hatuithamini. Marekani kila jimbo lina uamuzi wake: Texas, Florida, Ohio na mengine kadhaa yanadai leseni ya jimbo, na mengine mengi hayadai. Huko kwingine mgonjwa hutegemea uthibitisho wa bodi za kitaaluma kama ABC, bodi ya Marekani inayothibitisha watengenezaji wa viungo bandia, ambao peke yake si leseni ya serikali. Mtaalamu mpya anasoma shahada ya uzamili, anafanya mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, kisha mitihani, na akihamia jimbo lenye sheria bado anaomba leseni ya huko. Kwetu sheria ni moja kutoka Arua hadi Kisoro. Kinachobaki ni mgonjwa kuuliza, na wengi hawaulizi kwa sababu wanaona haya.

Sasa kazi yenyewe. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kikiwa bado kimevimba, mtaalamu mwenye leseni atakurudisha nyumbani na bandeji inayovutika, ifungwe kwa mtindo wa nane, ikaze zaidi nchani na kulegea kuelekea juu. Anayekupima siku hiyo hiyo kigutu kikiwa kimejaa maji anakuuzia soketi itakayopwaya baada ya wiki chache. Akianza kipimo, utamwona akichora alama kwa kalamu juu ya ngozi kabla ya kukifunga kigutu plasta ya kuchukua umbo lake: pia ya goti, kano iliyo chini yake, ukingo wa mfupa wa muundi, kichwa cha mfupa mdogo wa nje, na ncha ya kigutu. Alama hizo huhamia kwenye umbo la plasta linalofanana na kigutu, zikamwongoza mahali pa kupunguza na pa kuongeza. Chini ya pia ya goti anapunguza, maana kano hiyo inavumilia uzito. Kwenye kichwa cha mfupa mdogo anaongeza plasta ili soketi iwe na nafasi pale. Akiruka hatua hii, mguu utakuumiza hapo hapo, na soksi za kuongeza ndani ya soketi hazitatibu.

Baada ya hapo bamba la polipropilini la milimita 4 au 5 hupashwa moto kwenye tanuri karibu nyuzi 180, likafunikwa juu ya umbo la plasta na kunyonywa hewa. Bamba likipoa kabla halijakaa vizuri, soketi hutoka nene upande mmoja na nyembamba mwingine. Ipitishe vidole ukingoni uone.

Jambo la kushikilia kwa nguvu zote ni kutembea kabla ya kuchomelea. Mguu huu hurekebishwa mkao kwa visahani vinavyoteleza kati ya soketi na bomba linaloshika nafasi ya muundi. Vikishachomelewa, kurekebisha ni kukata. Vaa kiatu utakachokitumia, maana kisigino kirefu hukusukuma goti mbele. Simama, mtaalamu akuwekee mikono juu ya nyonga aone kama ziko sawa, kisha utembee. Ukivua, tazama ngozi: wekundu usiotoweka ndani ya dakika 15 ni soketi inayobana, na arekebishe hapo hapo.

Hospitali za Mulago, Gulu, Fort Portal, Mbale na ile ya CoRSU pale Kisubi zina karakana, kwa hiyo si lazima ukimbilie duka la kwanza. Popote uendapo, omba jina na namba ya usajili ya mtaalamu viandikwe kwenye risiti. Bila namba hiyo, malalamiko yako mbele ya baraza hayana pa kuanzia.