Origami Simulator: kukunja inakunja vizuri, kuchora hatua ni kazi yako

Natumia Origami Simulator, programu ya kompyuta ya kuigiza origami (sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi), kuandaa vipindi vya klabu ya hisabati shuleni, na jibu langu ni hili: kama unataka kuona karatasi itakavyojikunja kwa mistari uliyoichora, sijapata programu nyingine ya kuifikia. Kama unataka ikuchoree hatua za kumpa mwanafunzi azifuate, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukilijua hilo mapema, utaitumia kwa raha.

Ni kazi ya Amanda Ghassaei, na mwaka 2018 yeye pamoja na Erik Demaine na Neil Gershenfeld wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitoa maelezo ya kitaalamu ya namna inavyofanya hesabu zake. Inafunguka kwenye kivinjari, hailipiwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Hesabu zinafanywa na kadi ya picha ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo ikishafunguka, kukunja na kukunjua hakuli bando. Laptopu yangu ni ya zamani na mikunjo ya kawaida inaimudu vizuri, ila karatasi yenye mistari mamia huanza kwenda kwa kusuasua.

Mimi huanzia Inkscape, programu ya kuchorea. Nachora karatasi kwa mipaka myeusi, kisha mikunjo: nyekundu kwa mkunjo wa mlima, ule unaonyanyuka juu, na buluu kwa mkunjo wa bonde. Kijani ni mahali pa kukatwa kwa mkasi. Jambo nililolipenda sana ni kwamba ukolevu wa mstari ndio unaoamua pembe. Mstari uliokolea kabisa unakunjwa mpaka nyuzi 180, na ukiufifisha nusu unaishia nyuzi 90. Hivyo boksi la zawadi lenye kuta zilizosimama wima nalichora kwa mistari iliyofifia nusu, nahifadhi faili la SVG (mchoro wa mistari), nalipakia kwenye Simulator, halafu navuta kitelezi cha asilimia ya mkunjo. Kuta zinasimama mbele ya macho yangu. Nikiona moja imeangukia nje badala ya ndani, narudi kubadili rangi ya mstari mmoja tu, bila kuharibu karatasi ya manila.

Mfano wa kumfungulia mtu asiyewahi kuiona ni Miura-ori, mkunjo wa Mjapani Koryo Miura, uliotumika kwenye paneli za jua za chombo cha anga cha Space Flyer Unit kilichorushwa mwaka 1995. Uko tayari kwenye orodha ya mifano. Vuta kitelezi taratibu uangalie urefu na upana: vyote viwili vinapungua kwa pamoja. Wanafunzi hutarajia upande mmoja ukibanwa mwingine ufutuke, na hapo ndipo maswali huanza. Nikishawaonyesha kwenye skrini tunakunja wenyewe, na mjadala wa pembe unakuwa wa watu wenye kitu mkononi.

Lakini hazina yenyewe, kwangu mimi, iko kwenye rangi za mvutano. Kuna sehemu ya kuzichagua, na ukizichagua karatasi iliyotulia inakuwa ya buluu, na pale inapolazimishwa kuvutika au kubanwa rangi inaelekea nyekundu. Karatasi halisi haivutiki hivyo. Inakunjamana au inachanika. Kwa hiyo wekundu ukikolea kwenye kona fulani, umeambiwa kabla ya kukunja kwamba kona ile italeta shida mkononi.

Jaribu na ule mfano wa miraba iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, yenye milalo miwili inayokatana katikati, mlima na bonde vikipokezana. Ukiukunja kwa mkono, karatasi inajipinda yenyewe kama tandiko la farasi. Demaine na wenzake, akiwemo Tomohiro Tachi, walithibitisha kihisabati kwamba kwa mistari hiyo peke yake umbo hilo haliwezekani bila karatasi kuvutika. Zile tunazoshika mikononi zinafanikiwa kwa kujipinda mahali ambapo hakuna mtu aliyechora mstari. Programu nayo inagawa kila bapa kuwa pembetatu ndogo zinazoruhusiwa kupinda kidogo. Rangi zikiwa zimewashwa, mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kunyoosha kidole na kuonyesha karatasi inaposumbuka. Sijui ubao ungefanyaje hivyo.

Sasa mipaka yake. Inakunja mistari yote kwa wakati mmoja. Mkono wa binadamu unakunja mmoja baada ya mwingine, na umbo kama la ndege korongo lina tabaka zinazoingia ndani ya tabaka. Tena programu haizuii karatasi kupenya karatasi nyenzake, kwa hiyo kwa maumbo ya kulala bapa yenye tabaka nyingi unaweza kupata fundo lisilowezekana mezani. Kwa kazi hizo nahamia programu ya ORIPA ya Jun Mitani wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani. Hiyo unachora mistari humohumo, na inakuonyesha vipeo, yaani sehemu mistari inapokutana, vinavyokiuka kanuni za kukunjika bapa: ile ya Maekawa, kwamba kwenye kila kipeo cha ndani idadi ya milima na mabonde itofautiane kwa mbili, na ile ya Kawasaki, kwamba pembe zikihesabiwa kwa kuruka moja moja zijumlishe nyuzi 180. Ipo pia Flat-Folder ya Jason Ku, inayotafuta mpangilio wa tabaka: ipi iko juu ya ipi. Kuamua kama mistari fulani inaweza kukunjwa bapa ni tatizo gumu hata kwa kompyuta, watafiti Bern na Hayes walilithibitisha hilo mwaka 1996, kwa hiyo sishangai kwamba programu moja haifanyi yote.

Kuchora hatua ndiko kunakobaki. Alama tunazotumia duniani kote zilianza na Mjapani Akira Yoshizawa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1954, kisha Samuel Randlett na Robert Harbin wakaziendeleza: vistari vifupi kwa bonde, kistari na nukta kwa mlima, mishale ya kuonyesha karatasi inaelekea wapi. Zote hizo nazichora kwa mkono kwenye Inkscape, hatua kwa hatua, na ukurasa mmoja wa kuwagawia watoto unanilia jioni nzima. Simulator inaweza kunitolea picha inayotembea ya GIF, nzuri kwa skrini, ila darasani tunagawana karatasi zilizochapwa.

Njia ninayoiona ya kupunguza kazi hiyo iko kwenye faili za FOLD, muundo uliobuniwa na Demaine, Ku na Robert Lang. Ni maandishi ya kawaida, yaliyopangwa kwa mtindo wa JSON ambao kompyuta huusoma kwa urahisi: orodha ya vipeo, orodha ya kingo (yaani mistari), na kila ukingo una herufi yake, M kwa mlima, V kwa bonde, B kwa mpaka. Faili moja linaweza kubeba hali nyingi za karatasi zikifuatana, yaani hatua. Simulator inasoma na kutoa faili hizo, kwa hiyo nimeanza kuandika programu ndogo kwa lugha ya kompyuta ya Python inayosoma hatua hizo na kuzitoa kama SVG yenye alama za Yoshizawa. Vistari na nukta tayari inavichora safi. Mishale bado: faili linasema karatasi ilikuwa wapi na imefika wapi, lakini mshale mzuri unahitaji kujua upite upande gani usifunike mkunjo wenyewe. Nikiwa na wanafunzi wawili wa kidato cha nne tunajaribu kuupitisha upande wenye mistari michache zaidi, na kwa maumbo mepesi kama kofia na mashua unakaa mahali pake.