Printa ya Picha Yenye Wino wa Rangi Sita: Yaliyoandikwa Kwenye Boksi na Yanayotoka Kwenye Karatasi

Boksi la printa hii ya A4 limeandikwa kwa herufi kubwa "nukta 4,800 kwa inchi", na hiyo ndiyo tarakimu ambayo mnunuzi angeweza kuipuuza bila hasara. Nukta za printa si pikseli za picha. Mashine haiwezi kuuzimua wino wake, hivyo hutawanya matone madogo mengi ili jicho lione rangi ya kati, na pikseli moja ya picha hujengwa kwa nukta kadhaa. Picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani pikseli 300 kwa inchi kwenye A4, ilitoka safi kabisa. Kubwa kuliko hiyo haikuonyesha tofauti yoyote.

Kinachostahili kulipiwa ni katriji mbili za ziada. Pamoja na sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, zimo sayani hafifu na majenta hafifu, na kazi yao huonekana mahali penye mwanga mwingi: kwenye picha ya uso, paji linalong'aa, ambalo printa za rangi nne hulijaza vichembe, hapa linafifia taratibu hadi kivulini. Weusi nao umekolea, haukuelekea kahawia kama inavyotokea rangi tatu zikichanganywa bila wino mweusi.

Kijani kikali cha majani machanga kilipoa kidogo kilipofika kwenye karatasi, lakini kwa hilo siilaumu mashine. Skrini hujumlisha mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, ilhali wino hupunguza mwanga unaoakisiwa na karatasi, kwa hiyo wigo wa rangi wa viwili hivi haulingani.

Lawama yangu iko kwenye programu yake. Imekuja na profaili za karatasi za kampuni yenyewe tu, yaani faili zinazoieleza printa jinsi rangi zinavyotokea kwenye karatasi fulani. Ukiweka karatasi ya mtengenezaji mwingine, ngozi huingia wekundu mpaka usakinishe profaili ya ICC (muundo sanifu wa faili hizo) ya karatasi hiyo. Zaidi ya hayo, kipengele cha kuboresha rangi huja kikiwa kimewashwa, hivyo rangi hurekebishwa mara mbili, na swichi ya kukizima imefichwa ndani sana ya mipangilio.

Anayechapisha picha mara kwa mara ainunue. Wa barua chache kwa mwezi atafute nyingine, kwa sababu kichwa cha kuchapia huziba kikikaa bure, na kukisafisha hula wino mwingi.