Ibada ya vijana ya Jumamosi, Ngong Road, Nairobi: sauti juu mno, lakini nitarudi

Mimi nimelelewa na kwaya na mahubiri ya muda wa saa mbili. Mpwa wangu aliponiambia, "Anko, leo twende kwetu," nilijua naenda kuvumilia. Tulipanda matatu ya 111, tukashuka kando ya Ngong Road, tukaingia ukumbi wa kukodi: taa za zambarau, viti vya plastiki, msalaba haupo. Pasta kavaa fulana na raba.

Nianze na yaliyonikera. Spika zilinguruma hadi meno yakacheza. Mwenye presha akae nyuma. Na kabla Neno halijasomwa, nambari ya Paybill, ya kutuma sadaka kwa simu, ilikuwa imeshatokea kwenye skrini mara tatu. Nilihesabu. Kikapu chetu cha sadaka kina haya kidogo, hupita mara moja kikaenda zake.

Mahubiri dakika 25, Sheng tupu. Mwana mpotevu alimaliza urithi kwa kubeti, akaishia kulala kwa sofa ya beshte. Nusu ilinipita. Lakini baba alipotoka mbio kumlaki mwanawe, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki mlangoni, nilicheka kwa sauti.

Kilichonifanya niandike ni nusu saa ya mwisho. Watu hutuma maswali kwa simu bila jina, yanatokea kwenye skrini, pasta anajibu papo hapo. La kwanza lilihusu kukaa pamoja kabla ya ndoa, hilo nililitarajia. La pili: "Mlikuwa wapi Juni 2024 tukipigwa risasi?" Kimya, feni ikasikika. Pasta akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, akasema siku ile ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha alijifungia nyumbani kwa woga. Hakujificha nyuma ya mstari wa Biblia. Kanisani kwetu, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa fedha alizochangia Rais Ruto kanisani Novemba mwaka huohuo, tulilisifu sana. Sisi wenyewe hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi, na pale kwetu hakuna mahali pa kuulizia.

Niliona wasichana wawili wakifuta machozi, kisha wakabaki kuzungumza na pasta hadi taa zikazimwa.

Ibada huanza saa kumi na moja jioni. Chai ya baadaye ni ya bure, tangawizi kweli kweli, ila mahamri huisha upesi. Gari liache nyumbani, kuegesha ni taabu.