Estrojeni ya kupaka au ya kumeza, ipi inazuia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) baada ya kukoma hedhi?

Watu wengi wanadhani ni kitu kilekile, homoni ni homoni tu. Hapana aisee. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, seli za ukeni zinapungukiwa glaikojeni (aina ya sukari), na hiyo ndo msosi wa wale bakteria wazuri wanaoitwa laktobasili, sasa wakikosa msosi wanapungua, asidi wanayotengeneza nayo inapungua, pH (kipimo cha asidi, asidi ikipungua yenyewe inapanda) inapanda kupita 5 na bakteria E. koli wa kutoka njia ya haja kubwa anapata upenyo wa kuingia kwenye njia ya mkojo.

Krimu ya kupaka ukeni inafanya kazi palepale. Kuna utafiti wa 1993 wa estrioli (aina ya estrojeni) ya kupaka, baada ya mwezi mmoja laktobasili walirudi kwa 61% ya wanawake waliotumia na pH ikashuka toka 5.5 hadi 3.8, UTI zikapungua sana.

Vidonge? Vinasaidia lile joto la ghafla, sawa, ila kwenye tafiti havijazuia UTI kuliko vidonge vya bandia visivyo na dawa, halafu vinazunguka mwili mzima. Kama shida yako ni UTI za kujirudia mi naona krimu, ila aliyewahi kuugua kansa ya titi aanze kwa daktari kwanza.