Daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani kumtibu paka wangu mzee

Chausiku wangu ana miaka 14. Mwezi uliopita alianza kuchechemea, na mguu wa mbele wa kulia ukavimba. Nilidhani ameumwa na nge. Mama jirani akaniambia nimpondee nusu panadol. Nashukuru Mungu sikumpa: parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Nikampigia daktari wa mifugo anayezunguka majumbani hapa Mombasa. Alinitoza shilingi 3,000 pamoja na nauli.

Alimlaza juu ya taulo, akampapasa polepole kuanzia shingoni, mguu mbovu akauacha mwisho. Alipoyatenga manyoya, nikaona mwenyewe. Ule ukucha wa pembeni usiogusa chini ulikuwa umejikunja kama ndoana, ncha imezama kwenye nyama ya kidole. Akaukata, akauchomoa, likatoka tone la usaha. Akasafisha kwa maji ya chumvi na kuniachia antibayotiki. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umekwisha.

Mimi ningemlipa tukaagana hapo. Yeye akaniuliza: bado anarukia dirishani? Mgongo anajilamba? Nikakosa la kusema. Ni karibu mwaka harukii kitu, na manyoya ya kiunoni yamesokotana, nami nilikuwa nasema ni uzee tu. Akanishika kidole akakiweka kwenye kiwiko cha Chausiku, kisha akaukunja mguu. Nilihisi kiwiko kinakwaruza. Viungo vimelika, na paka anayeumwa viungo haendi kunoa kucha, kwa hiyo zinarefuka hadi zinamchoma.

Dawa ya maumivu, meloksikamu, alikataa kuniandikia kabla ya kupima damu, maana inaweza kuumiza figo, na figo za paka wazee mara nyingi zimeshachoka. Gharama iliniuma, lakini ningemkasirikia zaidi angenipa bila kupima. Figo zilikuwa salama. Sasa anapewa matone machache kwenye chakula, kwa kipimo cha uzito wake.

Kasoro zipo. Alichelewa saa mbili bila kupiga simu, na majibu ya damu nilimkumbusha mara tatu. Nampa nyota nne.

Karai la mchanga anamojisaidia nimelibadilisha kwa sinia lenye ukingo mfupi, na chini ya dirisha nimeweka kigoda. Kucha namkata mwenyewe kila baada ya wiki mbili, naanza na zile za pembeni.